Tripodi ya Kupigia Picha Chini ya Goti

Ua la Saintpaulia, lile dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya. Mbegu zilizolitangaza duniani zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 kutoka Usambara na ofisa wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, na ndiyo maana likapewa jina lake. Ukitaka kuliona linapoota lenyewe, bila chungu wala dirisha, nenda kwenye misitu kama ile ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Utalikuta limejishikiza kwenye ufa wa mwamba wenye unyevu, kivulini, mara nyingi chini ya usawa wa goti lako.

Sasa jaribu kulipiga picha kwa karibu. Miti imefunga juu, jua halishuki. Weka kamera kwenye ISO 400, punguza tundu la lenzi hadi f/11 ili petali na chavua vyote vionekane vizuri, na kamera itakuomba sekunde nzima ya mwanga, pengine na zaidi. Hakuna mkono unaotulia muda huo. Unahitaji tripodi, na hapo ndipo tripodi nyingi za madukani zinapokuangusha. Zimetengenezwa ziipandishe kamera hadi usawa wa macho ya mtu aliyesimama: kwa harusi, kwa mahojiano, kwa picha ya mlima kutoka barabarani. Ua lako liko sentimita 20 kutoka ardhini, na tripodi hiyo ikikunjwa hadi mwisho wake bado inaliangalia kutoka juu.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, ambalo mengine yote yanalifuata, ni hili: chagua tripodi ukiwa umepiga magoti. Muuzaji atakuonyesha inafika juu kiasi gani. Wewe muulize inashuka hadi wapi, na ikishafika huko inatulia kiasi gani.

Kwa nini kupiga kwa karibu ni kugumu

Inafaa kuelewa kinachotokea lenzi inapokaribia, kwa sababu ndicho kinachoamua vifaa gani ni vya lazima na vipi ni vya kujipamba.

Lenzi ya picha za karibu, ambayo wapiga picha wengi huiita makro, inaweza kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi: mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 juu ya sensa. Kama sensa yako ni ile kubwa ya milimita 36 kwa 24, fremu nzima inaona kipande cha dunia cha milimita 36 kwa 24, basi. Kamera ikiteleza milimita moja tu, picha nayo inahama milimita moja kati ya hizo 24. Unapopiga mlima, mtelezo wa milimita moja hauonekani kabisa. Hapa jicho la panzi limeshatoka mahali ulipoliweka.

Kisha kuna kina cha ukali, yaani unene wa eneo linaloonekana bila ukungu kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa ukubwa halisi, kwenye sensa hiyo, tundu la f/11 linakupa takriban milimita 1.3. Ukifungua hadi f/8 unabaki na milimita moja hivi. Ukipumua huku umeshika kamera mkononi, umeshavuka mpaka huo kwenda na kurudi.

Na la tatu: lenzi ikifika kwenye ukubwa halisi inakula mwanga. Tundu ulilolipanga f/11 linafanya kazi kama f/22, kwa hiyo sensa inapata robo tu ya mwanga ambao ungeupata kwa kitu cha mbali. Ukali unadai tundu dogo, tundu dogo linadai muda mrefu, na muda mrefu unadai utulivu. Mfumo wa kutuliza mtikisiko uliomo ndani ya lenzi au kamera unasaidia kidogo tu, kwa kuwa kazi yake hasa ni kusahihisha kamera inapoinama na kuinuka, na kwa karibu namna hii tatizo kubwa ni mkono unaoteleza pembeni na mwili unaoyumba mbele na nyuma.

Niseme wazi pia kwamba si kila picha ya karibu inahitaji tripodi. Kipepeo wa saa sita mchana hatakusubiri ufungue miguu mitatu. Huyo piga kwa mkono na fleshi, kwa sababu mwako wa fleshi ni mfupi mno kiasi cha kugandisha mtikisiko. Tripodi ni ya vitu vinavyokaa: maua, uyoga, utando wa buibui wenye umande, kereng'ende wa alfajiri ambaye bado hajapata joto la kuruka, chura aliyetulia juu ya jani, kinyonga aliyelala. Ukiona unapiga zaidi vile vya kuruka, weka pesa yako kwenye fleshi kwanza.

Miguu

Chunguza kwanza kama miguu inajitegemea. Tripodi nyingi za bei nafuu zina vijiti vinavyounganisha miguu mitatu na nguzo ya katikati, kama chelewa za mwavuli. Miguu hiyo hufunguka kwa pembe moja tu, yote kwa pamoja. Haishuki, haiwezi kukanyaga jiwe kwa mguu mmoja na bonde kwa mwingine, na kwenye mteremko wa msitu haifai. Ukiona vijiti hivyo, irudishe, hata kama ni imara, hata kama bei inavutia.

Tripodi inayofaa ina kifungo kwenye bega la kila mguu kinachokuruhusu kuufungua kwa hatua: kwanza kama nyuzi 25, kisha kama 50, na mwisho zaidi ya 80, ambapo mguu unakaribia kulala juu ya ardhi. Kila mguu uchague hatua yake peke yake. Kwenye kingo za mito ya Usambara au Uluguru utajikuta mguu mmoja umelala juu ya mwamba, wa pili umesimama majini na wa tatu umeegemea mzizi. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii.

Halafu nguzo ya katikati. Hii ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi huipenda dukani na kuichukia msituni. Ukiipandisha, umeweka kamera juu ya fimbo moja, na faida ya miguu mitatu imepungua. Ukiishusha, ncha yake inagonga ardhi kabla miguu haijalala, na kamera inabaki juu. Kuna njia kadhaa za kulitatua tatizo hilo. Baadhi ya tripodi hazina nguzo kabisa, kichwa kinachoshika kamera kinakaa moja kwa moja juu ya makutano ya miguu. Nyingine zina nguzo inayotolewa, au inayogawanyika mara mbili ukabaki na kipande kifupi. Kwa maoni yangu, hizi mbili ndizo bora kwa mtu anayepiga karibu na ardhi, na ukiweza kupata isiyo na nguzo, ichukue bila kusita.

Njia ya tatu ni nguzo inayolala. Manfrotto 055, kwa mfano, inakuruhusu kuichomoa nguzo juu na kuilaza nyuzi 90, kamera ikaning'inia nje ya miguu. Ni rahisi sana pale ua linapokuwa ng'ambo ya kijito au katikati ya kichaka usichotaka kukikanyaga. Lakini nguzo iliyolazwa hutikisika kwa urahisi na huvuta tripodi upande mmoja. Ielekeze juu ya mguu mmojawapo, ining'inizie begi lako upande wa pili, na ngoja mtikisiko utulie kabla ya kupiga. Njia ya nne, ya kugeuza nguzo juu chini ili kamera ining'inie kati ya miguu, inatangazwa sana na inatumika kidogo: kamera iko juu chini, vitufe viko kinyume, na mguu mmoja daima uko mbele ya uso wako.

Kuna mtindo mwingine unaostahili kutajwa kwa sababu unaifaa kazi hii hasa. Benbo ni tripodi ya Uingereza ambayo miguu na nguzo yake vyote hushikwa na komeo moja. Ukilegeza, kila kitu kinalegea kwa pamoja. Ukikaza, kila kitu kinaganda pale ulipokiweka, kwa pembe yoyote. Pia mirija minene iko chini, na imezibwa, tofauti na tripodi za kawaida ambazo mrija mwembamba ndio uko chini. Kwa hiyo unaweza kuisimamisha kwenye maji au tope bila uchafu kuingia kwenye maungio. Kujifunza kuitumia kunachosha mikono mwanzoni, na ni nzito. Ukiikuta imetumika, ikiwa nzima, usiipite.

Kuhusu kimo cha juu, kwa kazi hii kinakuhusu kidogo. Miguu ikifika kifuani mwako bila nguzo, yaani sentimita 120 hadi 130, inatosha kwa kinyonga aliye kwenye tawi na kwa okidi iliyoota kwenye shina. Ukilipia zaidi ya hapo umelipia uzito.

Kimo cha chini kipime pamoja na kichwa. Katalogi zinaweza kukuambia sentimita 10, lakini ukifunga kichwa cha sentimita 10 na kamera juu yake, katikati ya lenzi itakuwa imeshapanda hadi sentimita 25 hivi. Kwa ua la mwambani inatosha. Kwa uyoga uliochomoza jana kwenye majani makavu haitoshi, na hapo utahitaji mfuko wa maharage, nitakaourudia.

Jambo moja zaidi kuhusu miguu, ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Miguu ikilazwa huku imerefushwa yote, tripodi inafunika duara la zaidi ya mita mbili. Msituni ndani ya duara hilo kuna miche, kuna vyura, kuna hayo maua yenyewe, ambayo baadhi ya spishi zake huota mahali pachache sana duniani. Ukishuka chini, rudisha vipande vyote ndani kwanza, ulaze mguu mfupi. Tripodi itachukua nafasi ya mita moja hivi, na itakuwa imara zaidi pia, maana sehemu nene tu ndizo zinazobeba.

Kuhusu unene: angalia kipande chembamba kuliko vyote, kile cha chini kabisa. Tripodi ya vipande vitatu kwa kila mguu huwa na kipande cha mwisho kinene kuliko ile ya vinne au vitano yenye uzito uleule. Ya vitano hukunjika ikaingia kwenye begi la mgongoni, na kama safari zako ni za basi na bodaboda hilo si dogo. Hata hivyo mimi ningechukua vitatu, nikaifunga nje ya begi. Kilo zinazoandikwa kwenye boksi usizitegemee. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata, na tripodi iliyoandikwa inabeba kilo 8 inaweza kutikisika kwa kamera ya kilo moja na nusu.

Kaboni au alumini? Kaboni ni nyepesi, hutuliza mtikisiko vizuri, na haichomi mikono kwa baridi ya alfajiri milimani. Alumini ni nafuu, na ikipigwa huonyesha bonde badala ya kupasuka. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya kaboni yenye kichwa dhaifu na alumini yenye kichwa kizuri, chukua alumini.

Kichwa

Watu wanatumia miezi kuchagua miguu na dakika tano kuchagua kichwa, ilhali kichwa ndicho kinachoshika kamera kwenye zile milimita chache tulizozitaja.

Kichwa cha gololi ndicho kilichoenea zaidi. Unalegeza kifundo kimoja, unaielekeza kamera unakotaka, unakaza. Ni cha haraka, na kwa kinyonga anayetembea, haraka hiyo ni faida. Udhaifu wake ni kwamba vichwa vingi vya namna hii huinama kidogo baada ya kukazwa. Unapanga jicho la chura katikati, unakaza, unaachia mkono, na jicho limeshuka. Kwa picha ya mandhari usingejua. Kwa ukubwa halisi ni hasara kwenye kila picha. Vichwa vyenye gololi kubwa na kifundo cha pili cha kuongeza ukinzani huinama kidogo, na vya bei ya chini huinama sana. Usinunue bila kukijaribu kwa namna nitakayoieleza.

Kichwa chenye mipini mitatu husogeza kamera upande mmoja kwa wakati mmoja: kuinama, kulala, kuzunguka. Ni kikubwa na mipini hukwama vichakani, lakini unapotaka kushusha kamera kidogo bila kuvuruga ulichokwisha kupanga, kinatii. Bora kuliko vyote kwa vitu visivyosogea ni kichwa cha gia, kama Manfrotto 410: unazungusha kifundo na kamera inasogea kwa unywele, kisha inabaki hapo bila kukazwa. Ni kizito na si cha haraka. Kwa anayependa maua, uyoga na utando wa buibui, ningekiweka mbele ya kila kitu kingine kwenye orodha ya manunuzi. Kwa anayependa wadudu na vyura, gololi nzuri.

Hakikisha kichwa kinapokea pleti za mtindo wa Arca-Swiss, zile zenye kingo za mshazari. Zimekuwa kama lugha ya pamoja ya watengenezaji wengi, kwa hiyo kila utakachoongeza baadaye kitaingia. Skrubu ya kamera ni ya robo inchi, na ile ya kuunga kichwa na miguu kwa kawaida ni ya inchi 3/8. Vichwa na miguu ya kampuni tofauti huungana bila shida.

Vitu viwili vya kuongeza, kwa mpangilio huu. Kwanza, pleti yenye umbo la L, au kola ya kuzungusha kama lenzi yako inayo. Ukitaka picha ya wima bila hivyo, itabidi ulaze kamera pembeni mwa kichwa. Fremu inahama sentimita kadhaa na uzito wote unaning'inia nje. Kwa L unachomoa, unageuza, unarudisha, na mdudu bado yuko mbele yako. Pili, reli ya kulengea, kijiti cha chuma chenye skrubu kinachosogeza kamera mbele na nyuma kwa kuzungusha kifundo. Ukifika kwenye ukubwa halisi, kuzungusha pete ya lenzi hubadilisha ukubwa wa kitu zaidi ya kukusaidia kulenga; ni rahisi kusogeza kamera yenyewe. Anayetaka kupiga picha nyingi za kitu kimoja, kila moja ikilenga kina tofauti, kisha aziunganishe kwenye kompyuta, ataihitaji, isipokuwa kamera yake inafanya hivyo yenyewe.

Urefu wa lenzi nao uuingize kwenye hesabu. Lenzi ya milimita 100 kwenye ukubwa halisi inakuacha na nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya ncha yake na mdudu. Ya milimita 50 au 60 inakuacha na chache sana, na mara nyingi mguu wa tripodi unagusa tawi lilelile unalolipiga. Ya milimita 180 au 200 inakupa karibu sentimita 25, ila uzito wake unadai miguu minene zaidi.

Dukani

Usiende bila kamera na lenzi yako. Iwe ni Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji anayekataza kujaribu amekwisha kukujibu.

Weka sarafu sakafuni. Laza miguu, shusha kichwa, funga kamera, piga magoti na ujaribu kuijaza fremu kwa maandishi ya sarafu. Kama huwezi kuifikia sakafu dukani, hutaifikia msituni. Kisha washa skrini ya nyuma na ukuze taswira hadi mwisho. Panga herufi moja katikati, kaza kichwa, achia mkono. Herufi imehama? Kwa kiasi gani? Rudia kamera ikiwa imeinamishwa mbele, maana huko ndiko kichwa dhaifu hujitangaza. Halafu gonga mguu mmoja kwa kucha na uhesabu taswira inachukua muda gani kutulia. Linganisha tripodi mbili za bei moja kwa njia hii na tofauti utaiona mwenyewe.

Fungua na ufunge kila mguu mara kadhaa. Vifungo vya klipu hufunguka haraka na unaona kwa macho kama vimefungwa, ila hunasa majani na vidole, na hulegea kadiri muda unavyokwenda. Uliza kama vinakazwa kwa spana na kama spana imo kwenye boksi. Vifungo vya kuzungusha havinasi kitu, lakini mchanga ukiingia vinasaga. Vyote vinafaa. Kilicho muhimu ni kwamba unaweza kuvifungua wewe mwenyewe nyumbani, kuvisafisha na kuvirudisha. Tripodi isiyofunguka ni ya kutupwa siku ikiingia mchanga.

Tripodi iliyotumika ni ununuzi mzuri kuliko kamera iliyotumika, kwa sababu haina umeme wa kuharibika. Shika bega la kila mguu na uutikise pembeni. Ukicheza kidogo, unakazwa. Ukikuta ufa kwenye bega, achana nayo. Angalia mipira ya miguuni, na kama chini yake kuna misumari ya kuchomoza, bora zaidi: mpira kwa mwamba, msumari kwa udongo.

Fedha ikiwa kidogo, gawa hivi: miguu ya alumini inayojitegemea, isiyo na nguzo ndefu, kichwa bora unachoweza, mfuko wa maharage. Mfuko huo mpe fundi cherehani akushonee kwa jinzi kuukuu, wenye zipu. Safiri nao mtupu, ujaze maharage au mchele ukifika. Kamera ukiilaza juu yake na kuikandamiza, lenzi inakuwa sentimita chache tu kutoka ardhini, na hakuna tripodi inayofika huko. Kwa anayepiga kwa simu yenye lenzi ya karibu, mfuko huo pamoja na tripodi fupi ya mezani vinamtosha kabisa.

Ukiwa nayo kazini

Kabla ya kulaza mguu au mwili, tazama ardhi. Siafu hupita kwa mistari ambayo kwenye majani makavu haionekani hadi wawe wamefika shingoni. Upupu ukikushika mikononi, kazi ya siku hiyo imekwisha. Usambara kuna nyoka wenye sumu wanaokaa vichakani, kwa kimo hikihiki cha chini tunachokizungumzia. Mulika kwanza, ndipo uingize mguu wa tripodi, na mkono wako uwe wa mwisho. Kama unapiga ndani ya hifadhi, uliza getini kuhusu vibali vya kupiga picha kabla hujafungua begi, na usiku ingia na mwongozaji. Vinyonga vibete wa misitu ya milima ya mashariki hulala kwenye vijiti vya chini na hung'aa kwa tochi, kwa hiyo usiku ndio wakati wa kuwapata. Waache kwenye kijiti chao. Kinyonga aliyehamishwa ili mandharinyuma yapendeze ameamshwa, na amewekwa mahali ambapo hakupachagua yeye.

Sukuma kila mguu hadi ukutane na udongo mgumu chini ya majani. Mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lenzi, ili uzito usivute kamera kuelekea ua. Tumia waya wa kupigia au kipima muda cha sekunde 2, na kama kamera yako ina kioo ndani, kiinue kwanza. Kwenye lenzi za zamani zima mfumo wa kutuliza mtikisiko. Juu ya tripodi mfumo huo unaweza kuleta mtikisiko wenyewe.

Tripodi haizuii upepo. Ua likiyumba milimita tatu, miguu ya bei yoyote haikusaidii. Amka mapema; saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi hewa mara nyingi bado imelala, na wadudu nao ni wazito kwa baridi. Mwavuli upande wa upepo unasaidia. Kwa majani ya kawaida unaweza kuchomeka kijiti kando na kushikiza shina kwa kibanio cha nguo, lakini kwa mmea adimu subiri upepo ukate.

Pwani kuna kazi nyingine nzuri. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, madimbwi ya miambani yanaachwa wazi na kaa, konokono na viti vya pweza ndani yake. Hapo refusha kipande cha chini kabisa cha mguu kwanza, kabla ya vile vya juu, ili maungio yabaki juu ya maji. Usisimamishe mguu juu ya tumbawe hai; tafuta mchanga au mwamba mtupu. Jua saa maji yatakapoanza kujaa, kwa sababu ukiwa umeinamia skrini hutayaona yakija.

Ukirudi, usiikunje tripodi ikiwa na maji ya chumvi. Isuuze nzima kwa maji matamu, fungua vifungo vyote, futa chembe za mchanga kwenye nyuzi za skrubu kwa mswaki, na uianike kivulini ikiwa imerefushwa hadi ikauke ndani. Chumvi hula alumini kwenye maungio, na hata kwenye kaboni vifungo na skrubu ni vya chuma. Grisi kidogo kwenye nyuzi, si kwenye mirija, kisha irudishe kwenye mfuko.